Nilivyochonga fonti za hesabu kwa kompyuta ya DOS

Swali la kwanza la marudio lilipaswa kusomeka 2x − 5 = 11. Printa ikatoa 2, pengo, 5, kisha = 11. Chini yake vipeuo vilikuwa vimetoweka vyote, na pai pia. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliitazama karatasi akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni tona imeisha." Lakini tona haiwezi kubagua, ikaichapa 2 na kuiruka x iliyo kando yake.

Kompyuta yenyewe ni 486, mashine ya zamani ya DOS, niliyoachiwa na mwalimu aliyestaafu. Ina emTeX, toleo la programu ya kupanga kurasa iitwayo TeX, kazi ya Eberhard Mattes, na imeunganishwa na printa ya LaserJet 4. Wenzangu pale shuleni Umoja hunicheka, ila mimi sioni sababu ya kuitupa mashine inayopanga hesabu vizuri kuliko programu nyingi za ofisini.

Siri iko katika namna TeX inavyofanya kazi. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliitengeneza ili ipange kurasa kwa kutumia vipimo tu: upana, kimo na kina cha kila herufi, vinavyosomwa kutoka faili za TFM. Umbo la herufi TeX hailijui kabisa. Matokeo yake ni faili ya DVI, inayosema herufi fulani ya fonti fulani ikae mahali fulani. Programu ya kuchapa ndiyo hutafuta picha ya herufi hiyo, iliyochorwa kwa nukta, katika faili ya PK. Isipoipata, huacha nafasi tupu yenye upana uleule. Ndiyo maana pengo langu lilikuwa la kiasi cha x na alama ya kutoa.

Mzee aliyenitangulia alikuwa akiandika barua na ripoti, basi fonti za maandishi kama cmr10 zilikuwepo. Tarakimu na alama za + na = hutoka humo. Lakini x na pai zinatoka cmmi10, alama ya kutoa na vipeuo vidogo cmsy10, na mabano makubwa na vipeuo virefu cmex10. Hizo hazikuwepo. Kwenye kompyuta za siku hizi shida hii haionekani, kwa kuwa tangu 1997 fonti hizi zinapatikana bure katika muundo wa Type 1, unaokuzwa kwa kiasi chochote. Picha ya nukta haikuzwi hivyo. Kila ukubwa na kila aina ya printa inataka picha yake.

Nilianza na faili ya kumbukumbu ya programu ya kuchapa, maana humo fonti inayokosekana hutajwa kwa jina na idadi ya nukta zake kwa inchi. Yangu ilidai cmmi10, cmsy10 na cmex10 kwa 600, halafu cmbx12, fonti nzito, kwa 720 na 864 kwa ajili ya vichwa. Hesabu yake ni nyepesi, ukubwa hupanda kwa hatua za 1.2: 600 mara 1.2 ni 720, na 600 mara 1.44 ni 864. Ukikuta 657 usishangae, ni ile hatua ya nusu, kama 1.095.

Chombo cha kuchonga ni Metafont, nacho pia ni cha Knuth. Kwanza niliunda upya faili yake ya msingi kwa inimf, programu yake ya maandalizi, nikiita plain kisha modes, ili ianze kuzitambua printa. Baada ya hapo:

mf \mode=ljfour; mag=1; input cmmi10
gftopk cmmi10.600 cmmi10.pk

Amri ya kwanza huchora herufi, ya pili huigeuza picha kuwa faili ya PK.

Kwa vichwa niliweka mag=magstep(1), kisha magstep(2). Neno ljfour, jina la mode ya printa yangu, yaani mpangilio wake, halisemi nukta 600 peke yake. Linabeba pia namna LaserJet 4 inavyonenepesha mistari, na hapo ndipo herufi hupendeza au huharibika. Usipotaja mode, Metafont huchora kwa ajili ya ukaguzi, nukta 2602 kwa inchi, na DOS hulikata jina la faili likabaki na .260. Ukiiona hiyo, ifute.

Kazi inaenda polepole. Skrini inakuonyesha namba ya kila herufi katika mabano, moja baada ya nyingine, nawe unapata muda wa kusahihisha madaftari. Stima ikipotea katikati, faili iliyokatika haifai kitu, anza fonti hiyo upya.

Kwa kuwa DOS haikubali jina refu, cmbx12.pk ya 720 na ile ya 864 zina jina moja. Kila moja inakaa katika folda ya nukta zake, la sivyo ya pili itaifuta ya kwanza. Nilipomaliza sikuipitisha kazi kwenye TeX tena. Vipimo havikuwa vimebadilika, kwa hiyo DVI ileile ilichapwa, na x ikakaa palepale penye pengo.

Mwalimu mwenzangu wa Kayole aliposikia alikuja na flopi akitaka PK zangu. Printa yake ni ya nukta 300, zisingemsaidia. Nilimnakilia faili ya BAT yenye amri zote, nikabadilisha ljfour kuwa cx, mode ya nukta 300, na .600 kuwa .300, .720 kuwa .360 na .864 kuwa .432, akaenda kuchonga za kwake.