Siku koko alipomsikia Yamat

Kwa ambao hamkuwepo Arusha miaka ile, jueni tu kwamba hip hop ya Chuga haikuwa inasubiri ruhusa ya mtu. Dar walikuwa na Kwanza Unit tangu 1993, Sugu naye akapasua njia ambayo wengi wamepita, heshima yao iko palepale. Ila huku kwetu kila mtaa ulikuwa na watu wake, Ngarenaro Nako 2 Nako, Kijenge Watengwa, na X Plastaz wao walikuwepo tangu 1996. Hao X Plastaz ndo walifanya kitu ambacho mimi hadi leo nikikiwaza nasisimka, walimchukua Mmasai, Yamat Ole Meipuko, akaja na lubega lake na sauti yake ileile ya nyumbani, wakamweka juu ya biti pamoja na kina Gsan, Ziggy na Faza Nelly. Hakuja kuchekesha watu, alikuja kuimba. Mr. Ebbo na Mi Mmasai yake nilimpenda sana na nilikuwa naijua yote kwa kichwa, lakini ile ilikuwa ya kucheka. Hii ilikuwa kitu kingine kabisa.

Mi ni Mwarusha. Nyumbani tunaongea Kimaa, lugha moja na Wamasai, ila ukishuka mjini shule ukijisahau ukatoa neno moja la Kimaa darasa zima linakuita mshamba, kwa hiyo watoto wengi tulikuwa tunakiacha Kimaa Ngaramtoni, tukipanda kipanya cha kuja town tunaanza Kiswahili cha masela. Sasa hebu fikiria mtoto wa namna hiyo anasikia Kimaa kinatoka kwenye redio kaseti pale Kaloleni na machalii wagumu wa mtaa wametulia wanatikisa vichwa.

Tepu ilikuwa ya bro wangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa anafanya na kampuni ya safari kama mpishi wa kambini. Albamu ya X Plastaz ilikuwa imetoka 2004 kwa lebo ya Wajerumani, OutHere, inaitwa Maasai Hip Hop, yeye akairekodi kwenye kanda upande A. Upande B alikuwa na mambo mengine kabisa, blues, ule muziki wa Weusi wa Marekani, Muddy Waters, alipewa na mgeni mmoja wa Kimarekani waliyekaa naye kambini akamwambia huyu Muddy alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la pamba Mississippi, mwaka 1941 akaja jamaa anaitwa Alan Lomax anakusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, akamrekodi hapohapo shambani, ndo baadaye akaenda Chicago akachukua gitaa la umeme na dunia ikamjua. Bro alikuwa anaisimulia hiyo stori kama ya ndugu yake.

Mwisho wa mwaka ule tukapanda kwa koko, yaani bibi yetu, Oldonyo Sambu, na bro akabeba redio. Baba mdogo alikuwepo. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, mtu mwema sana, amesomesha watoto wa watu wengi, ila kwake muziki wa kuchana ulikuwa uhuni mtupu, na tatizo lenyewe lilianzia kwenye suruali, akiona kata kei tu basi hana haja ya kusikia wimbo. Tulifika, tukainamisha vichwa koko akatugusa mmoja mmoja, tukapewa loshoro kwenye bakuli, mahindi na maziwa, maziwa yamegandishwa vizuri mpaka yanakata ulimi, na bro akiwa bado anakula akabonyeza redio.

Koko alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Yamat alipoanza, ule mngurumo wa kifuani wa morani, koko mikono ikasimama. Hakuuliza huu ni muziki gani. Aliuliza kwa Kimaa, huyu olaranyani ni wa wapi? Olaranyani ndo yule anayeongoza wimbo, wenzake wanamwitikia, na si kila mtu anaweza kuwa, lazima uwe na koo na uwe na maneno. Bro akamwambia ni wa hukuhuku kwetu, hawa wengine ni watoto wa mjini. Koko akasema rudisha. Bro akarudisha. Akasema tena rudisha.

Afu ndo akatoa hoja yake, na hii ndo sababu naandika leo. Alisema wale wanaoongea harakaharaka, yaani Gsan na wenzake, hawajamwingilia olaranyani, wanampisha, akimaliza wanashika wao, akirudi wananyamaza. Kumbe wamefundishwa adabu, alisema. Mi nilikuwa nimesikiliza ile kanda mpaka imeanza kulegea na sikuwahi kuisikia hivyo. Nilikuwa nasikia Mmasai amewekwa kwenye hip hop. Koko alisikia hip hop imekuja kuitikia wimbo wa Kimasai.

Baba mdogo akawa amekaa pembeni anakunja uso, ila aliyemkamata yeye si Yamat, ni wimbo wao mwingine, Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki. Ule wimbo unahusu njaa, mtu hana cha kula, sasa unamuuliza dhambi ni nini. Baba mdogo alinyoosha mkono kama yuko kwenye kikao akasema hapo hapana, amri ni amri, usiibe ni usiibe. Bro akamjibu kwa heshima kabisa, baba mdogo, hawa hawajasema aibe, wameuliza. Wakaanza kubishana kweli, Biblia ikaletwa, wale wanafunzi waliokatakata masuke siku ya Sabato wakala kwa sababu walikuwa na njaa wakafunguliwa kurasa, na mimi nimekaa pale naona mzee wa kanisa anajadili mistari ya chalii wa Arusha neno kwa neno kama anavyojadili mahubiri. Hakukubali. Ila hakusema tena uhuni.

Betri zikaanza kuchoka, sauti ikawa nzito, tukazitoa tukaanika kwenye jua juu ya bati, dakika kadhaa zikapata nguvu kidogo, bro akageuza kanda upande B.

Muddy Waters akaanza na gitaa lake. Koko alisikiliza kimya muda mrefu, anachambua maharage taratibu. Akauliza, huyu wenzake wako wapi? Bro akasema yuko peke yake koko, ni yeye na gitaa. Akasema hapana, sikiliza vizuri, akisema neno ile kamba inamjibu. Anaongoza mwenyewe, anaitikiwa na kamba.

Na ndivyo ilivyo, kabisa. Wanaojua blues ndo hicho hicho wanachokisema, sauti inaita gitaa linajibu, na chimbuko lake ni nyimbo za kazi za watumwa na watoto wao mashambani, mmoja anaita wengine wanaitikia huku majembe yanashuka pamoja. Koko hakuwahi kusikia habari ya Mississippi maisha yake yote. Alijua kwa sikio.

Faza Nelly aliuawa 2006, hapa hapa Arusha, na mji ulipoa vibaya sana, mtu aliyetuonyesha kwamba inawezekana. 2009 Gsan akatokea kwenye saifa, ile ya kuchana kwa zamu, ya tuzo za BET Hip Hop Awards Marekani, amesimama na mkongwe wa rap KRS-One, akachana Kiswahili bila kubadilisha chochote. Nilipiga simu kwa baba mdogo kumwambia, akanijibu naye amesikia na ameshawaambia vijana wa kwaya.

Koko alikuwa na lawama moja tu kwa X Plastaz, na mi naona alikuwa sahihi. Siku ile kabla hatujashuka alisema wimbo umepungukiwa, wanawake wa kuitikia hawapo, akaita mashangazi waliokuwa jikoni wakaja, bro akarudisha upande A kwa mara ya mwisho na wakaitikia wao, mabega yanapanda na kushuka, shanga zinalia juu ya biti. Baadaye nilimpelekea habari kwamba dada yao mdogo kina Gsan na Ziggy naye yumo kundini. Akauliza anaimba kwa lugha gani, nikamwambia Kiswahili. Akasema basi mleteni huku nimfundishe.