Siku moja maishani mwangu: kupasua nyasi ya Karl Foerster, Chicago, mwanzo wa Aprili

Saa 1 asubuhi. Barafu imetoka ardhini, baridi bado ipo. Vichaka 40 vya nyasi hii ya mapambo kando ya maegesho vinangoja kukatwa, na 6 kupasuliwa, yaani kugawanywa vipande vya kupanda upya. Nyasi hii huamka mapema kuliko nyingi za bustanini, kwa hiyo kazi haisubiri joto.

Kila kichaka kinafungwa kamba mara mbili, kiunoni na shingoni, ndipo mashine ya kukatia wigo inapita sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Kinalala kizima kama mganda wa mpunga. Usipofunga, utashinda ukiokota mabua yanayopeperuka barabarani. Ukichelewa hadi chipukizi zikapita urefu huo, unazikata ncha, na ncha ya jani ikikatwa hairudi: kichaka kinabaki butu miezi kadhaa.

Saa 3. Kupasua. Vichaka vya zamani vimeota upara katikati, chipukizi zimebaki pembeni tu. Chimba kuzunguka kwa koleo, ng'oa, laza ubavu, kisha kata kwa msumeno uliochakaa (mpya utaulilia, mchanga ulioshikana na mizizi unakula meno). Kipande kiwe kama ngumi mbili, chenye chipukizi tano au zaidi. Ile sehemu kavu ya katikati tupa. Vipande vidogo zaidi hupona, ila hukawia kujaza nafasi.

Kwa nini kuhangaika na msumeno badala ya kupanda mbegu? Kwa sababu mbegu hakuna. Masuke yanapendeza, lakini hii ni chotara tasa. Wazazi wake ni Calamagrostis arundinacea na Calamagrostis epigejos, ambao hukutana porini huko Ulaya na kuzaana wenyewe. Huyo epigejos ameenea Ulaya na Asia, na yumo hata katika nyanda za juu za Afrika. Hutambaa kwa mashina ya chini ya udongo na ni msumbufu. Mtoto hakurithi tabia hiyo, anakaa pale ulipomweka. Na kwa kuwa kila mche ni kipande cha mwenzake, safu nzima inalingana kimo.

Saa 6 mchana. Vibao vya majina. Andika Calamagrostis × acutiflora 'Karl Foerster'. Alama ya × ndiyo inayosema chotara. Ukiiacha, umeandika jina la spishi isiyokuwepo. Kalamos, mwanzo wa jina hilo, ni tete kwa Kigiriki, neno lile lile lililopitia Kiarabu likatupa kalamu. Acutiflora ni maua yaliyochongoka. Foerster (1874–1970), ambaye nyasi hii ina jina lake, alikuwa mwenye kitalu Bornim, Potsdam, Ujerumani. Aina nyingine ya chotara hii, yenye michirizi myeupe, ni 'Overdam', na kwa jicho langu haisimami wima kama hii.

Saa 8. Kupanda. Nafasi ni sentimita 60 hadi 75. Shingo ya mche, pale mizizi inapokutana na chipukizi, ilingane na uso wa udongo, ukiizamisha inaoza. Maji lita 10, matandazo sentimita 5 yasiyogusa shina. Mbolea ya naitrojeni siweki: mabua yanalainika na kulala mvua ya kwanza.

Saa 10. Mteja analalamika kuwa mwaka jana majani yalijaa unga wa rangi ya chungwa. Ni kutu, ugonjwa wa kuvu. Vichaka vyake viko nyuma ya ukuta, jua kidogo, na bomba la kunyunyizia linalowesha majani kila jioni. Dawa haitamsaidia mahali hapo. Vihamishwe penye jua kwa muda wa saa sita kila siku, vimwagiliwe chini, na majani ya zamani yaende kwenye mfuko wa taka, si kwenye mboji. Huko juani masuke yatatoka Juni yakiwa na wekundu wa zambarau, yafikie mita moja na nusu au zaidi, Agosti yawe rangi ya ngano, na yasimame hadi theluji nzito iyalaze.

Saa 11 jioni. Vipande tisa vimebaki. Vinafungwa kwenye gunia lenye maji na kuwekwa kivulini. Kesho asubuhi viingie ardhini. Mizizi ikikauka, havifai tena.