Mzigo wa juu ya dari

Desemba 2009 tulipanda Moshi kula Krismasi, kama kawaida yetu Wachaga, nami nikatwishwa kazi ya kumsimamia fundi. Nyumba ya Bibi pale Kiboriloni silingibodi zilikuwa zimelegea mpaka zinaning'inia, na mikojo ya popo imechora madoa juu ya kitanda chake.

Fundi alibandua ubao wa tatu, vumbi likamwagika, kisha kimya. Halafu: "Bosi, huku kuna mzigo."

Lilikuwa boksi, limefungwa kamba ya katani na kulazwa juu ya kenchi. Ndani gazeti la Uhuru limeliwa na mchwa, kona moja tu inasomeka: Aprili 1983. Chini ya gazeti, sabuni. Lux za Kenya, karatasi zake zimepauka, mafuta yamejichora kwenye gazeti. Nyingine zilikuwa zimepasuka katikati kama kisigino cha mkulima. Nikaikwangua moja kwa ukucha. Juu ilikuwa ngumu kama chokaa, lakini ndani kidogo harufu ilikuwepo bado.

Hadithi ya sabuni hizi nilikua nayo. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, sabuni ikawa kitu cha foleni, na watu wakafulia majani ya mpapai. Bibi hakukubali. Alikwenda Taveta kwa njia za panya na kurudi na vipande vichache vichache, kavifunga kiunoni chini ya khanga. Akakusanya hivyo mpaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Misako ikaanza, watu wakatupa mali zao vichakani usiku. Babu naye akabeba boksi gizani, akarudi mikono mitupu, akasema amelitosa Mto Rau.

Novemba mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa. Hapo ndipo Bibi alipokasirika kweli, na hasira hiyo haikwisha hata tulipomzika Babu mwaka 1996. Akishika sabuni yoyote, hata ya mche ya kufulia, lazima aseme: "Wengine walinywesha samaki."

Nikalishusha boksi uani, nikamwita. Alikuja anajifuta unga wa mahindi mikononi, akachungulia, akakaa chini palepale kwenye ngazi.

"Meku!" alisema, kana kwamba Babu yupo kibandani kwa ng'ombe. "Kumbe!"

Nilidhani atalia. Mimi mwenyewe koo lilikuwa limenikaba, nikiwaza miaka kumi na mitatu mzee alilala chini ya boksi lile na kusemwa kila siku, asifungue mdomo. Labda alihofia kwamba akisema, Bibi atazipeleka sokoni siku hiyohiyo. Labda baadaye aliona aibu. Lakini Bibi hakulia, alianza kuhesabu. Akazipanga kumi kumi kwenye ungo, akahesabu tena.

"Zilikuwa dazeni tano. Hapa zipo hamsini na saba."

"Panya, Bibi," fundi akasema kutoka juu ya ngazi yake.

"Panya gani anakula na karatasi yake?"

Akanyamaza, macho kwenye migomba. Nilimwona anarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayepekua mfukoni kutafuta ufunguo.

"Mwaka ule," alisema polepole, "alikuwa hataki kuoga nyumbani. Jioni anachukua taulo, anakwenda mtoni. Nikamwuliza, mbona unanukia? Akaniambia ni maua ya kahawa."

Fundi alicheka mpaka akashikilia kenchi. Bibi hakucheka. Alichagua moja ambayo haikupasuka, akaniambia nimpashie maji, akaingia bafuni na kubana mlango. Alikaa humo muda mrefu kuliko kawaida, na mara mbili nikamsikia anamsema mtu.