Kuzama chini ya boti pale Goma, vile ninafanyaka

Watu wanacheka nikisema kazi yangu ya kutoa nyavu chini ya boti nimeiga kwa wale wanaozama chini ya barafu kule Finland na Canada, maana ziwa Kivu haijawahi kuganda. Lakini boti ya mizigo ikiwa imefungwa bandarini na wavu umejiviringa ku elisi, ile panga inayosukuma boti, wewe ukiwa chini yake uko na paa juu ya kichwa, shida ikikupata huwezi kupanda moja kwa moja, lazima urudi kule uliingilia. Tofauti ni baridi tu.

Ya kwanza kabisa ni ufunguo. Sishuki kama ufunguo wa moteri hauko mfukoni mwa mshika kamba wangu, yule anabaki juu, na waya wa batri umetolewa, kapiteni akasirike kama anataka. Kamba inafungwa kwa mkanda wa mwili, siyo kwa chupa ya hewa ama jaketi, sababu unaweza kulazimika kuvua jaketi kule chini na kamba ikaenda nayo. Na yule anaishika hana kazi ingine, hajibu simu, hapigi stori na wabeba mizigo. Nikivuta mara moja niko salama, mbili aachilie kamba kidogo, tatu narudi, nikivuta ovyo ovyo bila hesabu anitoe. Mwingine wa kuniokoa anakaa pembeni amekwisha kuvaa kila kitu, kamba yake ndefu kuliko yangu.

Hapa kwetu kuna mawe ya volkano, lava ya 2002 iliingia hadi ziwani, ni makali sana, kwa hiyo jioni napitisha vidole kamba yote, nikisikia nyuzi zimeanza kufumuka hiyo inaenda kufunga mbuzi.

Hewa naigawa mafungu matatu: chupa ya presha ya bar 200, ikifika 135 nageuka hata kama umebaki uzi moja wa wavu, ya kurudi na ya matatizo haziguswi. Na kompresa ya kujaza chupa hatuweki bondeni karibu na maji, mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, inalala kule asubuhi kama hakuna upepo, ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, utaijaza ndani ya chupa bila kujua. Tena Goma iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ya huku juu ni nyepesi, jedwali za kuzama za baharini zinadanganya, mita 18 hapa nazihesabu kama 21, na siku hiyo sipandi milima ya Masisi, kule hewa inazidi kuwa nyepesi, hata nikiitwa kwa matanga.

Wenye boti wanalalamika eti watu watatu kwa kazi ya mtu moja. Bei yangu ni ya watatu, asiyetaka, vijana wanaoshuka na kisu na pumzi yao tu wako pale bandarini, atawapata.