Hesabu kwanza, pasi baadaye: ninavyocheza Air Raid kwenye College Football

Mtu akisikia kuna timu inayorusha pasi 50 katika mechi moja, picha inayomjia ni mpira mrefu unaopaa angani na mpokeaji anayekimbia peke yake. Wengi wanaojaribu mtindo huu wa pasi nyingi, unaoitwa Air Raid, kwenye gemu la EA Sports College Football huanza hivyo hivyo. Wanarusha mbali, pasi zinanaswa, kwotabeki, yaani mrusha pasi, anaangushwa, na muda si mrefu wamerudi kukimbiza mpira katikati, yaani kukimbia nao mkononi, kama zamani. Mimi nimeushikilia tangu gemu lilipotoka Julai 2024, baada ya miaka 11 bila gemu la futiboli ya Kimarekani ya vyuo, na nikaendelea nao kwenye toleo lililotoka 2025. Sasa sichezi mwingine. Naandika jinsi ulivyonikaa mkononi, kwa sababu nguvu yake iko kwenye kuhesabu watu, na pasi ndefu ni sehemu ndogo tu.

Kwa ambaye hajauzoea mchezo wenyewe: kila upande una watu 11. Unapewa majaribio manne, yanaitwa dauni, kusogeza mpira yadi 10, na ukifaulu unapata mengine manne. Kati ya watu wako 11, watano wa mstari wa mbele kazi yao ni kuzuia na hawaruhusiwi kudaka pasi. Wa sita ni kwotabeki. Wanabaki watano. Spredi, mpangilio ninaoutumia, ni kuwatawanya hao watano kwenye upana wote wa uwanja ili mpinzani naye alazimike kuwatawanya wake.

Nilichagua Texas Tech, chuo cha Lubbock, magharibi ya Texas. Mimi naishi Dallas, lakini nilichagua kwa sababu ya historia zaidi ya ujirani. Air Raid ilianza kuchukua sura mwaka 1989 katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, Hal Mumme akiwa kocha mkuu na Mike Leach akiwa msaidizi wake, wote wawili wakiwa wameisoma kwa makini timu ya chuo cha BYU ya kocha LaVell Edwards. Leach ndiye aliyeipeleka Lubbock, akawa kocha mkuu pale kuanzia mwaka 2000 hadi 2009. Mwaka 2003 kwotabeki wake, B.J. Symons, alirusha jumla ya yadi 5,833 katika msimu mmoja. Kilichonivutia kwa Leach ni kwamba mbinu zake zilikuwa chache, zikifanyiwa mazoezi bila kuchoka, hata karatasi aliyokuwa akiishika mechi nzima ilikuwa ndogo ya kukunja. Timu nyingine zilikuja na mikeka ya maandishi. Nami nikaamua vivyo hivyo: kitabu cha mbinu cha Air Raid kilichomo kwenye gemu kina kurasa nyingi, lakini mimi huishi kwenye chache tu.

Sasa hesabu yenyewe. Kabla mpira haujaanzishwa natazama katikati, mbele ya wale watano wangu wa mstari. Nikiona wapinzani watano, nakimbiza mpira, hata kama najulikana kwa pasi: watano wamepata watano, na mkimbiaji wangu hana wa kumshika mpaka amefika mbali. Wakiwa sita, narusha. Wakiwa saba, basi mahali fulani pembeni kuna mpokeaji aliyeachiwa mtu mmoja asiye na msaada nyuma yake, na pasi ya haraka inamwendea huyo. Ni kama mcheza bao anavyosoma mashimo kabla hajagusa kete. Mkono unakwenda mwisho.

Baada ya hapo macho yanapanda kwa walinzi wa nyuma kabisa. Wakiwa wawili, wameachana, katikati ya uwanja kuna mwanya. Akiwa mmoja, amekaa katikati, mwanya uko kandokando. Kompyuta kwenye ngazi za juu, na binadamu yeyote mwerevu, huonyesha wawili kisha mpira ukianza mmoja anashuka mbio, kwa hiyo jibu la kwanza nalichukua kama dokezo. Nikitaka uhakika zaidi namtuma mpokeaji mmoja akatize kutoka upande huu hadi ule kabla ya mpira kuanza. Mlinzi akimfuata hatua kwa hatua, wanakaba mtu kwa mtu. Wakijisogeza kidogo tu na kupeana nafasi, wanalinda maeneo. Kitufe kimoja, na nusu ya siri yao iko wazi.

Kuna jambo la vipimo ambalo watu wengi hulipita, nami naliona ndilo linaloufanya mtindo huu uwe wa vyuo hasa. Uwanja una upana wa futi 160. Ile mistari miwili midogo ya katikati, ambako mpira huwekwa kila mchezo unapoanza, kwenye vyuo imeachana futi 40, wakati kwenye ligi ya kulipwa ya NFL imeachana futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwa juu ya mstari wa kushoto, kushoto kwako una futi 60 tu, na kulia una futi 100. Mia moja! Hakuna mlinzi anayeweza kulifunika eneo hilo peke yake. Kwa hiyo, mpira ukikaa upande mmoja, nawapanga wapokeaji watatu upande mpana na kumwacha mmoja upande mwembamba, nione mpinzani atatoa mtu wapi. Akiwafuata watatu wangu kwa watu wanne, yule wa upande mwembamba yuko mmoja kwa mmoja. Asipowafuata, ninao watatu dhidi ya wawili. Tena sheria ya vyuo inataka mguu mmoja tu uguse ndani ya uwanja ili pasi ihesabiwe, tofauti na NFL inayotaka miwili. Pasi za kandokando zinazokatazwa kule huku ni halali kabisa, na gemu linaifuata sheria hiyo.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni Meshi. Wapokeaji wawili, mmoja kutoka kila upande, wanakatizana kwenye kina cha yadi tano au sita, karibu kiasi kwamba mabega yangegusana. Wakikabwa mtu kwa mtu, wanaowakaba wanagongana au wanachelewa kuzungukana, na mmoja anatoka akiwa huru akikimbilia eneo tupu. Mpinzani akilinda maeneo, nasubiri mpokeaji apite kati ya walinzi wawili na kumpa mpira hapo hapo kabla hajaingia kwa wa pili. Pasi ya yadi sita inageuka kumi na tano, na alama zinasogezwa.

Stiki ni rahisi zaidi. Wapokeaji watatu upande mmoja: wa nje anakwenda mbali kumtoa mlinzi wake, wa ndani anakimbia yadi tano na kugeuka, wa tatu anatokea pembeni chini. Hapo namsoma mlinzi mmoja tu, yule aliye kati ya hao wawili wa mwisho. Akitoka nje, nampa wa ndani. Akibaki ndani, nampa wa tatu. Hawezi kuwa kwa wote wawili. Mtindo wote, ukiuchambua, ni kumtafuta huyo mtu mmoja katika kila mbinu na kumlazimisha achague. Hata ile ya wapokeaji wanne kukimbia moja kwa moja mbele, inayoonekana kama kamari, ni swali kwa mlinzi mmoja wa nyuma: wawili wa ndani wanampita kushoto na kulia, atamfuata nani? Naitumia nikishaona yuko mmoja, na si vinginevyo.

Pasi nayo ina namna zake. Ukigusa kitufe kwa mguso mfupi, mpira unapanda na kushuka taratibu. Ukikishikilia, unakwenda kama mkuki. Meshi na Stiki nashikilia. Ya wanne mbele nagusa kati na kati, mpira upite juu ya kichwa cha mlinzi wa kati na utue kabla ya yule wa nyuma.

Kuhusu kumlinda kwotabeki, hapa ndipo nasisitiza. Gemu hili linahesabu mapigo ambayo kila mchezaji anayapokea mwilini, na kwotabeki anayeangushwa kila mara anashuka uwezo kadiri mechi zinavyokwenda. Mrusha pasi nyingi hana budi kulijali hilo. Watu wangu watano wa mstari wakikabiliwa na wavamizi sita, mkimbiaji anabaki kuzuia na sitamani kumtuma mbele. Wakija kutoka upande mmoja, nauelekeza mstari wote upande huo. Na kama sijapata jibu ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, mpira unakwenda nje ya uwanja. Dauni ya pili na yadi 10 inavumilika. Kuanguka na kupoteza yadi nane kunavunja hesabu yote.

Kusajili vijana sitakawia. Kila wiki gemu linakupa idadi maalumu ya saa za kuwashawishi wachezaji wa shule za sekondari, nami nazimwaga kwanza kwa watu wa mstari wanaojua kuzuia pasi, kisha kwotabeki mwenye usahihi wa pasi fupi na za kati. Mkono wenye nguvu sana nauacha kwa wengine. Texas imejaa wapokeaji, hao wanapatikana.

Mtihani wa kweli ulikuwa mpwa wangu. Kijana wa sekondari, amezaliwa huku, na futiboli anaijua kuliko mimi. Kompyuta inalinda kwa mpangilio, lakini yeye humshika kwa mkono wake mlinzi wa kati na kumtembeza anakotaka. Alipogundua napenda Meshi, akawa anamleta mlinzi huyo pale pale wapokeaji wangu wanapokatizana, anasimama njiani akisubiri mpira.

“Mjomba, hiyo njia nimeifunga,” akaniambia.

Nilikaa na suala hilo muda. Jibu likawa ndani ya hesabu ile ile: mlinzi wa kati aliyeshuka yadi tano ameacha yadi kumi na tano nyuma yake bila mtu. Nikaanza kutumia Y-Krosi, ambayo mpokeaji wa ndani anakata uwanja kwa mshazari hadi upande wa pili, nyuma ya huyo mlinzi. Kwa macho mwanzo wake unafanana na Meshi. Mpwa akashuka kama kawaida, mpira ukapita juu yake. Mara chache zilizofuata akawa anarudi nyuma, na Meshi ikafunguka tena. Tangu hapo mechi zetu ni za kuviziana, mimi namsoma yeye na yeye ananisoma, na naona ndiyo raha kubwa kuliko ushindi wenyewe. Shangazi yake hutuuliza mbona tunanyamaza hivyo. Tunahesabu.

Saa pia ina sauti yake. Pasi isiyodakwa inasimamisha saa, kwa hiyo ukikosa tatu mfululizo umempa mpinzani mpira na muda wote. Mwaka 2016 Patrick Mahomes, akiwa Texas Tech, alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma na bado timu yake ikafungwa 66 kwa 59. Nikiongoza katika robo ya nne naendelea kurusha, lakini ni zile fupi za kati ambazo mpokeaji anaangukia ndani ya uwanja na saa inaendelea kutembea, pamoja na skrini, yaani pasi fupi kwa mkimbiaji nyuma ya wazuiaji wake. Nikiwa nyuma, kinyume chake: kandokando, mguu mmoja ndani, toka nje. Mwaka 2008 mpokeaji wa Texas Tech, Michael Crabtree, aliidaka pasi ya aina hiyo dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, timu iliyokuwa namba moja nchini, akabaki ndani ya mstari na kuingia kufunga ikiwa imebaki sekunde moja. Texas Tech wakashinda 39 kwa 33.

Ugumu unaobaki ni karibu na goli. Ndani ya yadi 10 za mwisho walinzi wa nyuma hawana tena nyuma ya kulinda, ukiacha yadi 10 za eneo la kufungia, kwa hiyo wote 11 wanabanana mbele na ile nafasi niliyoitegemea mechi nzima inatoweka. Upana peke yake haupungui. Kwa hiyo hapo nawatawanya wapokeaji wanne kama kawaida, nahesabu katikati, na mara nyingi nawakuta watano, maana hakuna anayethubutu kumwacha mpokeaji peke yake mita chache kutoka mstari wa goli. Basi nampa mkimbiaji mpira. Wakishakuja sita, namtuma mpokeaji wa ndani kwenye kona ya nyuma na wa nje anakata kuelekea ndani mbele yake, namtazama mlinzi wa pembeni, na anapohamisha uzito wa mguu tu, mpira umeshatoka.