Likizo ya Italia kwa Ajili ya Mbio za Monza
Maandalizi yangu yanaanza na viza ya Schengen (ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya), ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kisha tiketi ya mbio za magari ya Formula 1 za Monza. Nitalala Milano, kwa kuwa treni ya kwenda Monza haichukui muda mrefu na, kusema kweli, bei za vyumba vya karibu na uwanja wikiendi hiyo hazivumiliki. Siku ninayoithamini zaidi ni Ijumaa ya mazoezi, ambapo mtazamaji anaweza kutembea kwa utulivu ndani ya bustani kubwa inayouzunguka uwanja huo uliojengwa mwaka 1922, hadi kwenye kona za zamani za zege zilizoinama kwa ukali. Jumapili ni mbio zenyewe, mizunguko 53. Jumatatu nitapanda treni kwenda mji wa Como.