Vijiko Viwili vya Damu

Makohozi yangu yalikutwa na TB mwezi wa nane, wakati vumbi la Dodoma limepamba moto na kila mtu mjini anakohoa, kwa hiyo sikuwa nimejishuku. Nilikuwa naendesha bajaji kati ya Nkuhungu na Majengo, nakula ovyo na kulala usiku wa manane. Nilipokwenda kuanza dawa, muuguzi wa kliniki ya TB aliniomba nibaki kidogo. Kulikuwa na utafiti, na mimi nilikuwa na sifa za kuingia.

Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6: mchanganyiko wa dawa 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, halafu dawa 2 kwa miezi 4 iliyobaki. Wao walitaka kuona kama mchanganyiko mwingine ungeponya kwa miezi 4 tu. Niliposikia hivyo nilikuwa tayari kusaini palepale. Dereva wa bajaji aliyelala nyumbani anaishi kwa mkopo. Muuguzi akanipoza. "Kaka, huchagui wewe, sichagui mimi, wala daktari. Kompyuta ndiyo inapiga kura. Unaweza kuangukia dawa mpya au hizihizi za siku zote."

Akanisomea fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Dawa zinaweza kusumbua ini. Moyo utapimwa. Nauli nitarudishiwa, bima ipo nikidhurika, na naweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Kila hudhurio nitatolewa damu "kiasi cha vijiko viwili vya chai". Mwisho kabisa palikuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa mwenye malalamiko. Kisha akanizuia kusaini: nenda nayo nyumbani, kaongee na watu wako. Hilo lilinikaa kuliko yote aliyosema. Anayekuuzia kitu kibovu hakwambii ukafikirie.

Nyumbani fomu ikawa ya ukoo mzima. Shemeji aliisoma mpaka kwenye vijiko akaiweka chini. "Vijiko vya nani? Vya chai au vya kupakulia wali?" Kwake yeye mumiani hawajaisha, wamebadilisha magari tu. Mke wangu hakujali damu. "Baba Neema, kama dawa haina neno, kwa nini wapime moyo wa mtu mwenye TB?" Nikaliandika swali hilo nyuma ya fomu.

Mama alikuwa amekuja kutoka Kongwa na mlenda mkavu na kiroba cha karanga. Alikuwa akimenya karanga kimya, na hakufungua mdomo mpaka shemeji alipoaga.

"Hao watu nawajua," akasema.

Nilidhani anawasema mumiani, kumbe ni watafiti wa macho. Kongwa ya utoto wangu ilikuwa na trakoma kupita kiasi: watoto nzi wametanda machoni, na bibi zetu wanang'oana kope kwa kibano kwa sababu zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho mpaka linapofuka. Watafiti walikuja vijijini. Baadaye nilikuja kusoma kwamba matokeo yao yalichapishwa mwaka 1995, lakini siku ile nilikuwa na mama tu.

"Sisi tulipewa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni, basi. Kijiji cha pili walipewa mafuta yaleyale, na juu yake wakafundishwa kuwaosha watoto nyuso kila siku. Na maji yenyewe unajua yalikuwa mbali. Tukasema tumepunjwa. Wenzetu watoto wao walionekana afadhali. Lakini mwanangu, kama wote tungeoshwa, wangejuaje kwamba kilichosaidia ni maji?"

Nimesomeshwa sayansi kidato cha nne kizima na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo hilo hivyo.

"Sasa kamuulize," akaendelea. "Ukiangukia dawa za zamani, unapata dozi kamili au nusu? Na wakimaliza, mtaambiwa walichokiona?"

Nilirudi kliniki na maswali matatu. Kwenye moyo muuguzi hakuzunguka: moja ya dawa mpya inaweza kuvuruga mapigo, ndiyo maana wanapima kabla na kila baada ya muda. Dozi ya zamani ni kamili, ileile ya mgonjwa yeyote. Matokeo, washiriki tutaitwa tusomewe. Hilo alinionyesha kwenye fomu, nilikuwa nimelipita. Akaongeza ambalo sikuuliza, kwamba hata hii miezi 6 haikushuka mbinguni. Zamani TB ilitibiwa mwaka na nusu, mpaka majaribio ya miaka ya 1970 yalipopunguza muda, na waliomeza dawa hizo walikuwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Zambia na hapahapa Tanzania.

Nikasaini. Sitasema nilifanya kwa ajili ya taifa. Bado nilikuwa na hamu na ile miezi 4, na nilipenda kuona moyo na ini langu vinachunguzwa bure.

Kompyuta ikanitupa kwenye miezi 6. Nikatoka na vidonge vilevile ambavyo ningepewa hata kama ningekataa. Mama alipoviona alicheka hadi akashika ukuta.

"Basi na wewe umepata mafuta matupu!"

Alipomaliza kucheka akataka kujua nani atakayenisimamia kumeza dawa kila siku, maana kwa shemeji hakuwa na imani.